Mama Barafu na Kadi ya Goti

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mlioko jikoni, mlioko dukani, wewe unayeendesha gari, na wewe uliyekaa kando ya kitanda cha mgonjwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyetibu magoti ya watoto wanamichezo. Aliyatibu kwa karibu miaka thelathini. Tulimzika Jumanne. Wengi wenu mnamjua kwa jina moja tu: Mama Barafu.

Kwa kawaida hapa huwa tunaweka wimbo. Leo hakuna wimbo. Nikiweka wimbo nitapata nafasi ya kufikiri, na nikifikiri nitaogopa. Kuna jambo lazima nilitamke kabla kipindi hiki hakijaisha, na nimelikwepa kwa miaka kumi na mmoja. Mtayarishaji wangu ananitazama kupitia kioo, hajui ninazungumzia nini. Atajua pamoja na ninyi.

Basi tuanze na yeye. Mimi nitafika tu.

Mama Barafu alizaliwa mtoto wa pili katika nyumba ya watoto watano. Kaka yake mkubwa, dereva wa lori aliyestaafu, ameniambia hivi: "Huyu mdogo wangu alikuwa na mbio, bwana we! Ukimtuma chumvi dukani, hujamaliza kukaa, kashafika na chumvi na umbea wa njiani." Shuleni alikuwa akiwaacha wavulana vumbi. Alipofika miaka kumi na miwili, goti la kulia likaanza kuuma. Chini kidogo ya pia ya goti pakaota kinundu kigumu. Akikimbia, linauma. Akipanda ngazi, linauma. Akipiga magoti kufua nguo, machozi yanamtoka.

Mwalimu wa michezo akasema ni uvivu. Akamzungusha uwanja mara kumi, eti ndiyo dawa. Nyumbani wakamkanda kwa maji ya moto. Jirani mmoja akaja na mafuta ya kuchua, akakisugua kile kinundu mpaka mtoto akamng'ata mkono. Hakuna aliyemwambia neno moja rahisi: mwanangu, unakua. Kaka yake anasema, "Alilia sana, lakini si kwa maumivu. Alilia kwa sababu alisema anaumwa na hakuna aliyemwamini."

Goti lilipoa lenyewe alipofika miaka kumi na mitano, alipoacha kurefuka. Lakini mbio alishaziacha. Shikeni hilo, wasikilizaji: mtoto alisema anaumwa, wakubwa hawakumwamini.

Alipomaliza shule akasomea tiba ya viungo. Miaka tisa akafanya kazi hospitalini, katika chumba cha mwisho wa korido, jirani na wafua mashuka. Kisha klabu ya michezo ya vijana ikamchukua. Wakampa chumba chini ya jukwaa la watazamaji. Humo mlikuwa na kitanda kimoja, viti viwili, na friji lisilo na hata tone la maziwa. Lilijaa vifuko vya maji yaliyoganda. Ndiyo asili ya jina. Kocha wa klabu alikuwa akilalamika, "Ukimpelekea mchezaji, anakurudishia barafu."

Hakupenda kuitwa daktari. "Mimi fundi wa viungo," anasema. Na ufundi wake aliueleza mpaka mtoto wa darasa la tatu akaelewa. Mtoto akiingia anachechemea, anamkalisha kitandani, anambonyeza pale chini ya pia ya goti kwa kidole gumba, mtoto anaruka. Basi anamgeukia mama mtu. "Mama, huyu hana ugonjwa wa kutisha. Mfupa umerefuka, msuli wa paja bado umevaa nguo ya mwaka jana. Kila akiruka, msuli unauvuta mfupa pale ulipo bado laini. Pakivutwa sana panavimba. Pakivutwa zaidi pananyofoka. Kwa hiyo tunafanyaje? Tunapunguza kuruka."

Tunapunguza. Hakusema mtoto alale kitandani. Kuogelea, sawa. Baiskeli kidogo, sawa. Barafu robo saa baada ya mazoezi, imefungwa kitambaani isiunguze ngozi. Msuli wa paja unyooshwe kila siku, taratibu, huku umeshika ukuta. Kinundu kisisuguliwe na mtu yeyote, hata bibi akija na mafuta yake ya ukoo. "Kelele za mtoto si dawa," alikuwa akisema. Halafu tunasubiri, maana karibu wote hupona mwili ukitulia.

Kusubiri ndiko wazazi hatukupenda. Mzazi mmoja alimjia juu, "Kusubiri mpaka lini?" Akamjibu, "Mpaka viatu vianze kumtosha miaka miwili mfululizo." Alikuwa na majibu ya namna hiyo. Mkali, lakini ukitoka pale umecheka.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu kadi, kwa sababu kila kitu kiko kwenye kadi.

Mama Barafu alikuwa akimpa kila mtoto kadi ya goti. Kipande cha karatasi ngumu, mistari kumi na minne, siku kumi na nne. Kila asubuhi mtoto anasimama kwa mguu unaouma, anakunja goti mara tatu, kisha anaandika namba. Sifuri, hakuna maumivu. Kumi, hawezi hata kusimama. Juu ya kila kadi alikuwa ameandika kwa mkono wake: Penseli ni ya mwenye goti. Maana yake mama asiandike, baba asiandike, kocha asiandike. Ajiandikie mtoto. Yule ambaye hakuaminiwa akiwa na miaka kumi na miwili aliamua kwamba chumbani kwake mtoto ataaminiwa.

Namba zikishuka zikafika mbili au moja, Mama Barafu analibonyeza goti, anamwambia mtoto aruke kwa mguu mmoja, halafu anasaini. Bila sahihi yake, kocha haruhusiwi kumpanga mchezaji. Hiyo ilikuwa sheria ya klabu.

Wasikilizaji wapendwa, hapa sasa naingia mimi.

Wakati huo nilikuwa mtangazaji wa michezo. Wakubwa mnaikumbuka sauti yangu, ile ya kupaza mpaka spika inakwaruza. Nilikuwa na binti wa miaka kumi na mitatu, mchezaji wa mpira wa wavu. Wenzake walimwita Panzi, kwa kuruka kwake. Mwaka ule alirefuka kama anavutwa. Sketi ya Januari, kufika Juni imekuwa ya mdogo wake. Na goti likaanza. Nikampeleka chini ya jukwaa.

Mama Barafu akambonyeza, Panzi akaruka. Nikauliza atacheza lini. Akanitazama. "Baba Panzi, goti si redio. Huwezi kuliongezea sauti likakusikia." Akatupa kadi mbili, ya wiki mbili hizi na ya wiki mbili zinazofuata, na vifuko vya barafu. Panzi akacheka njia nzima akinirudia maneno hayo.

Sasa, fainali ya vijana ilikuwa imekaribia. Ilipangwa Jumamosi. Redio hii ilikuwa iitangaze moja kwa moja, na mtangazaji ni mimi. Naomba mnielewe, ingawa sistahili. Nilikuwa nimeshawatangazia watoto wa watu kwa miaka mingi, na sasa nilikuwa nitamtangaza wangu. Nilikuwa nikinyoa ndevu huku nalitamka jina lake mbele ya kioo. Sentensi nilikuwa nimeshaitunga. Niliwaambia ofisini, niliwaambia majirani, nilimwambia hata kinyozi.

Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya fainali, Panzi ameshakwenda shule. Nimesimama jikoni. Kadi iko mlangoni mwa friji, imebanwa na sumaku, mistari yote kumi na minne imejaa. Nikaisoma. Sita. Tano. Saba. Sita. Sita. Saba. Mwandiko wa mwanangu, umekandamizwa mpaka karatasi imebonyea.

Watu wakikosa husema shetani alinipitia. Shetani hakunipitia. Nilikuwa na akili zangu timamu, na chai nimeshakunywa. Nilichukua ile kadi ya pili, tupu. Nikakaa mezani. Nikachukua penseli ya Panzi. Nikaandika namba kwa kuzipinda kidogo, kitoto kitoto. Tatu. Mbili. Mbili. Moja. Mbili. Moja. Moja. Niliijaza kadi yote. Ile ya kweli niliichana vipande vipande, nikavitupa kwenye pipa la ofisini.

Narudia, ili asiwepo wa kusema hakusikia. Kadi ya kwanza, ya mwanangu, ilisema sita na saba. Kadi ya pili, iliyosema moja na mbili, niliiandika mimi.

Nikaenda klabuni. Wiki ya fainali kile chumba kilikuwa kama soko. Watoto kumi na wanane koridoni, kila mmoja na goti lake. Mama Barafu akapokea kadi. Akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

"Ana mtihani shuleni, mama." Hakuwa na mtihani.

"Nataka kulibonyeza goti."

Nikamwambia, "Mama, si wewe uliyetufundisha kwamba penseli ni ya mwenye goti? Mwenye goti ameandika. Au leo humwamini?"

Akaitazama tena ile kadi. "Zimeshuka haraka, Baba Panzi."

"Barafu yako hiyo, mama."

Akacheka. Nilimchekesha, wasikilizaji, na alipokuwa bado anacheka akasaini.

Jioni nikamwambia Panzi, "Mama Barafu amekubali, Jumamosi unacheza." Akaniuliza, "Ameona namba zangu?" Nikasema ameona. "Hata zile saba?" Nikasema, "Hata saba. Amesema cheza."

Sitawachosha na mchezo. Seti ya tatu, Panzi akaruka kupiga mpira. Nilikuwa hewani. Niliitamka ile sentensi yangu, yote, kama nilivyoitunga, na ilipoisha mwanangu alikuwa sakafuni. Kipande cha mfupa kilikuwa kimenyofoka chini ya goti. Niliendelea kutangaza kwa muda. Sijui niliendelea kwa nini. Mdomo wangu ulizoea kazi kuliko moyo wangu.

Tuna methali yetu: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tunawatishia nayo watoto. Mwanangu alisikia la mkuu. Mkuu ni mimi, nilimwambia acheze, akacheza, na guu likavunjika.

Walimfanyia upasuaji, wakamtia skrubu mbili. Na jioni ileile, hospitalini wakiwa bado wanamtayarisha, mimi nilirudi studio. Katika habari za michezo nikasema maneno haya: "Mtaalamu wa viungo wa klabu ndiye aliyesaini kwamba goti la mchezaji ni zima. Sisi wazazi tulimwamini." Nilisema kwa sauti ya kutetemeka. Watu waliipigia redio simu kunipa pole.

Wiki iliyofuata klabu ikaitisha kikao. Nilikuwepo. Mwenyekiti akamwambia Mama Barafu aitoe kadi waione. Akasimama, akasema, "Kadi ni ya mtoto, na mtoto yuko hospitalini. Sitaitoa. Nilisaini bila kulibonyeza goti. Kosa ni langu."

Wakamfukuza kazi palepale. Na mimi, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi. Nikajiambia, huyu mama mjinga, anaficha kitu ambacho kingemwokoa. Sikuelewa. Nimeelewa wiki hii tu. Yeye aliamini Panzi mwenyewe ndiye aliyeandika zile moja na mbili, kwa hamu ya kucheza. Hakutaka mtoto aliyelala na mguu kwenye plasta aje kuulizwa na watu watano wenye makoti kwa nini alidanganya. Kwa hiyo akanyamaza, akaubeba mzigo mwenyewe.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, kwa sababu kuna mtu aliyenibebea mzigo.

Hayajaisha. Wiki tatu baadaye, mchana, nikasikia hodi. Ni yeye. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, pochi magotini, hata maji hakunywa. Akaomba amwone Panzi. Panzi akajibu kutoka chumbani, "Simtaki!" Mama Barafu akatikisa kichwa, kama anasema mtoto ana haki. Kisha akaniambia, "Baba Panzi, nimekuja kuomba radhi. Kazi yangu ilikuwa kulibonyeza goti lile, na sikulibonyeza. Nisamehe."

Ilikuwa pale, wasikilizaji. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilichotakiwa ni kufungua kinywa tu, na kinywa ndicho kazi yangu.

Nikamwambia, "Nimekusamehe, mama. Sote ni binadamu."

Nikamsindikiza mpaka getini.

Miaka miwili hakupata mtoto hata mmoja wa kutibu. Nani angempelekea wake baada ya kunisikia redioni? Mumewe ni seremala. Alimtengenezea benchi, akaliweka barazani kwao, akamwambia, "Kaa hapo, watakuja." Wakaja. Kwanza mtoto wa jirani, kisha binamu yake, kisha foleni. Mpaka mwisho alikuwa akitibu watoto thelathini kwa wiki. Wengine leo wanachezea timu kubwa, na jana walikuwa makaburini wamevaa miwani ya jua wasionekane wanalia. Jumanne, samahani. Siku zimenichanganya.

Lakini kaka yake ameniambia kitu ambacho hakinitoki. "Baada ya yale ya klabu, mdogo wangu aliziacha zile kadi. Watoto hakuwauliza tena namba. Alikuwa anabonyeza tu, tena mara mbili mbili. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, kaka, mtoto akitaka sana kitu anaweza kukudanganya."

Mnasikia? Yule mtoto aliyelia kwa kutoaminiwa. Mwanamke aliyejenga kazi yake yote juu ya kuwaamini watoto. Akafa haamini namba za watoto. Hakuna mtoto aliyemdanganya. Nilimdanganya mimi.

Alifariki Jumapili, moyo, baada ya kuugua siku nne. Alikuwa na miaka sitini na mmoja.

Jumatano mtayarishaji akaniambia, "Kipindi hiki ni chako, si ndiye aliyekutibia binti yako?" Nikaenda kwa mumewe na kinasa sauti. Tulikaa katika karakana yake, tukiwa na randa na maranda kila upande. Mzee akanieleza walivyokutana: alikwenda kutibiwa bega, akarudi mara sita na bega lilikuwa limeshapona. Tukacheka. Kisha akafungua bahasha, akatoa kadi.

"Hii aliitunza," akasema. "Ya binti yako. Aliniambia, nikifa uichome, yule mtoto asije akaulizwa kamwe. Sikuwa na moyo wa kuichoma. Ichukue wewe, wewe ni baba yake."

Nikaishika. Mwandiko wangu. Mbili zangu zina mkia mrefu, tangu shule ya msingi. Nikazima kinasa sauti, nikamwambia yote. Kama nilivyowaambia ninyi, bila kuruka kitu.

Mzee hakupandisha sauti. Aliuliza swali moja. "Siku ile alipokuja kwako kuomba radhi, ulimjibu nini?"

Nikasema, "Nilimwambia nimemsamehe."

Akakwangua gundi kidoleni. Halafu akasema, "Siku ile alirudi nyumbani akalala. Ulikuwa usingizi wake wa kwanza kwa wiki tatu. Asubuhi akaniambia, yule baba ni mtu mwema. Sasa sijui nikushukuru kwa usingizi ule, au nikupige na hili randa."

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Msamaha mimi sina. Mwenye nao tumemfukia jana. Na usiniambie mimi tu humu ndani. Mke wangu hakusemwa kwenye karakana. Alisemwa redioni." Akachukua kikombe changu cha chai, nusu sijainywa, akakitoa nje. Nikajua nimeagwa.

Kwa Panzi nilikwenda Alhamisi. Ana miaka ishirini na minne. Anafundisha watoto wa chekechea. Anatembea vizuri, lakini akitaka kumfunga mtoto kamba za viatu hukaa chini kabisa, maana goti lile halimruhusu kupiga magoti. Tangu siku ile hajaruka tena. Nilimkuta darasani anapanga viti vidogo. Nikamwambia, akaendelea kupanga viti. Alipomaliza safu ya mwisho akasema:

"Baba, mimi nilikuwa nikimwona yule mama barabarani navuka upande wa pili. Siku moja aliniwahi. Akaniuliza, Panzi, goti lako vipi? Nikageuza shingo. Nikasema moyoni, saba zangu uliziona ukasema nicheze, leo unauliza nini?" Akafuta meza iliyokuwa safi. "Usije nyumbani wikiendi hii. Kipindi nitakisikiliza, kama wasikilizaji wako wengine."

Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, yanafuata marekebisho. Redio ikikosea hurekebisha, kwa sauti ileile na kwa watu walewale. Naomba msikilize.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, Jumamosi jioni, katika habari za michezo, redio hii iliwafanya muamini kwamba mchezaji chipukizi aliumia kwa uzembe wa mtaalamu wa viungo. Habari hiyo haikuwa kweli. Mtaalamu huyo alipewa kadi ya uongo. Kadi hiyo iliandikwa na baba wa mchezaji, na baba huyo ndiye aliyesoma habari. Baba huyo ni mimi. Narudia: kadi ya uongo niliiandika mimi. Mtoto hakudanganya. Mama Barafu hakustahili kufukuzwa. Aliyestahili ni mimi, na barua yangu ya kuacha kazi iko mezani kwa mkuu wa kituo.

Kwa mzee seremala, kwa kaka mtu, kwa ndugu wote na kwa watoto wote waliowahi kukaa kwenye lile benchi, nawapa pole. Najua pole yangu mimi ina uchungu kuimeza. Ipokeeni kwa niaba ya wasikilizaji, ambao hawana kosa.

Nanyi wazazi, mwanao akisema goti linamuuma, mwamini. Mpunguzie kuruka, mwekee barafu, msubiri akue. Fainali nyingine zitakuja. Na kama kuna mtu mahali fulani anayebeba kosa lako, inuka hapo ulipo uende kwake angali anasikia. Mimi nilimsindikiza wangu mpaka getini, nikarudi ndani kunywa chai.

Panzi, najua unasikiliza. Mama Barafu hakuziona saba zako. Angeziona, usingecheza. Aliyeziona ni mimi. Nilizisoma zote, moja baada ya nyingine, na nilijua kwamba unaumia.